Yaya na mudogo wake: watoto waliokua na ndugu mlemavu katika nchi ya shaba

Tunapoandika juu ya mila zetu tunapenda kuandika juu ya mambo makubwa: utawala wa Mwant Yav, mahari, matanga, ngoma ya mapacha. Leo ninataka kuandika juu ya jambo ambalo halina ngoma wala sherehe. Ni juu ya mtoto anayekua katika nyumba moja na ndugu mlemavu. Juu ya mlemavu mwenyewe madaktari, mapadri na watu wa mashirika wamekwisha kuandika. Lakini yaya yake na mudogo wake, wale waliolala naye kwenye mkeka mmoja na kula naye bukari katika sahani moja, wanatajwa wapi?

Wazee wetu wanasema: zamani mlemavu alitunzwa na ukoo mzima. Ni neno zuri, na nusu yake ni kweli. Lakini anayesoma historia anapaswa kuuliza zaidi: ukoo ule ulimtunza kwa mikono ya nani? Baba alikuwa porini, mama alikuwa shambani. Jibu langu ni hili: ulimtunza kwa mikono ya watoto wengine. Ndivyo ilivyokuwa kijijini, ndivyo ilivyokuwa kambini, na hapa Kolwezi ndivyo ilivyo hata sasa. Kilichobadilika ni wingi wa mikono ile na uzito wa mzigo.

1. Kijijini: mtoto asiyepewa jina

Mtaalamu mmoja Mbelgiji, Patrick Devlieger, alifanya utafiti kwa Wasongye, jirani za Waluba, na maandishi yake yakatoka katika kitabu mwaka 1995. Wasongye ni watu tunaowajua vizuri, maana wengi wao walikuja kufanya kazi katika migodi ya huku. Anaeleza kwamba watoto waliozaliwa tofauti na wengine waliwekwa katika mafungu matatu. Fungu la kwanza waliitwa mishinga: mapacha, mtoto aliyetanguliza miguu, mtoto aliyezaliwa na kitovu kimezunguka shingo. Hao walipewa heshima na sherehe. Fungu la pili waliitwa malwa: albino, mbilikimo, mtoto wa kichwa kikubwa chenye maji. Hao walionekana kama watu wa ulimwengu mwingine waliopita tu hapa kwetu. Fungu la tatu ni bilema: mwenye mguu uliopinda, mwenye mkono uliokauka. Hao walikuwa watu kamili, lakini kila mmoja wao alileta swali nyumbani: kwa nini?

Na swali lile halikuulizwa juu ya mguu. Liliulizwa juu ya watu. Nani alikosana na nani? Mahari iligawanywa namna gani? Mizimu ilikasirikia nini? Kwa hiyo kilema cha mtoto mmoja kilikuwa jambo la nyumba nzima. Dada yake alipofika umri wa kuolewa, upande wa mume waliuliza kwanza: ugonjwa ule ulitoka wapi? Mtoto mzima alibeba ndugu yake mgongoni, akabeba na maneno ya watu masikioni.

Kuna kitu kimoja kinachonishangaza. Kwa makabila mengi ya kwetu, mtoto anayezaliwa nyuma ya mapacha anapewa jina lake maalum; kwa Wababemba, kwa mfano, anaitwa Chola. Maana yake mababu walijua vizuri kwamba kuzaliwa karibu na mtoto wa pekee kunakugeuza na wewe. Lakini yule aliyezaliwa nyuma ya kilema, aliyekuwa miguu yake au macho yake mpaka uzee, hakupewa jina lolote. Kazi yake ilionekana kuwa kitu cha kawaida, sawa vile kuchota maji.

Hata hivyo kijiji kilikuwa na faida moja kubwa. Watoto walikuwa wengi. Watoto wa baba mdogo, wa mama mkubwa, wa shangazi, wote waliitana ndugu. Leo huyu anambeba mpaka mtoni, kesho mwingine. Kijiji hakikuwa na dawa wala kiti cha magurudumu, lakini migongo ilikuwa mingi.

2. Kambini: nyumba ya watu wenye nguvu

Union Minière du Haut-Katanga ilizaliwa mwaka 1906. Mwanzoni ilichukua wanaume peke yao, kwa mikataba mifupi, na wengi walikufa au walikimbia. Kuanzia mwaka 1928 hivi kampani ilibadilisha siasa yake: mfanyakazi alete mke, azae kambini, akae miaka mingi. Njo wakati ule tulipopata kambi zenye nyumba za mstari, lopitali, nyumba ya kuzalia, shule ya wamisionari, na poso ya kila juma kwa baba, mama na watoto. Daktari Léopold Mottoulle, mmoja wa wakubwa wa kazi ile, aliieleza siasa hiyo katika kitabu kilichotoka mwaka 1946. Kolwezi yetu, iliyojengwa kuanzia miaka ya 1930, ni mtoto wa siasa hiyo.

Lazima tuseme ukweli: watoto wa kambi walipona magonjwa mengi yaliyoua wenzao kijijini. Walipimwa uzito, walipewa dawa bure. Lakini kambi ilikuwa pia mahali pa mwili wenye nguvu. Kabla ya kuandikwa kazi, mtu alipimwa na daktari kifua, urefu na uzito. Aliyeshindwa alirudi kwao. Mtoto wa kambi alitazamwa kama mfanyakazi wa kesho. Basi mtoto ambaye hatashika nyundo wala hatashuka mgodini, huyo alikuwa nani katika hesabu ya kampani? Alipata poso na dawa kama wengine. Lakini shule, na kazi iliyofuata shule, zilipangwa kwa ajili ya mtu mwenye mwili mzima.

Tena, nyumba ya kambi ilikuwa ndogo, na wageni walihesabiwa. Wale watoto wa baba mdogo na wa shangazi waliobebana kwa zamu walibaki kijijini. Kambini walibaki wawili watatu wa tumbo moja. Kwa mawazo yangu, hapa njo mgeuko mkubwa wa historia hii. Kampani ilileta daktari, lakini ilipunguza migongo. Kazi iliyogawanywa kwa watoto kumi ikawa ya mmoja, na mara nyingi yule mmoja alikuwa msichana mkubwa wa nyumba.

3. Mudogo wangu

Habari hii ninaijua kutoka ndani. Nilizaliwa katika kambi moja ya Gécamines, jina ambalo kampani ilichukua baada ya serikali kuitwaa Union Minière mwaka 1967. Mudogo wangu alikuwa na miaka mitatu alipopelekwa likizo kwa nkambo, upande wa Lubudi. Alipata homa. Homa ilipotoka, mguu wa kuume haukusimama tena, na wa kushoto ulibaki na nguvu kidogo. Ilikuwa polio.

Na Kongo iko na nafasi yake katika historia ya ugonjwa huu. Mwaka 1958, katika bonde la Ruzizi, zaidi ya watu 200,000 walipewa chanjo ya polio ya kunywa, katika moja ya majaribio makubwa ya kwanza duniani. Lakini chanjo ya kawaida kwa watoto wote ilianza kupangwa nchini mwishoni mwa miaka ya 1970, na vijiji vingi vilichelewa kuipata. Mtoto wa mjini aliyechanjwa na mtoto wa kijijini asiyechanjwa waliweza kuwa wa tumbo moja. Kwetu ilikuwa vile: mimi nilikuwa na kovu la chanjo mkononi, yeye katika zamu zake alikosa moja.

Alipofika umri wa shule baba aliniambia: «Utamubeba.» Nilikuwa na miaka kumi. Tulifika kwa shule moja, sitaitaja, na mkubwa wa shule akamtazama mudogo wangu kwa muda mrefu. Akauliza: «Atafika namna gani ku choo? Nani atamubeba?» Nilisema ni mimi. Akasema mimi ni mwanafunzi, si mtumishi, na akaturudisha. Tulirudi nyumbani saa mbili ya asubuhi, jua bado dogo, naye aliniuliza njia nzima ni lini tutarudi. Mwaka uliofuata mwalimu mwingine, kwa shule nyingine, alikubali. Nilimbeba miaka minne, mpaka alipopata magongo.

Sasa niseme jambo ambalo sikuwahi kuliandika. Siku moja tulipita karibu na uwanja wa mpira. Vijana wa kartie nyingine, ambao nilitaka wanipokee katika timu yao, waliuliza: «Ule kilema ni nani yako?» Nikajibu: «Hapana ndugu yangu. Iko mutoto ya jirani.» Mudogo wangu alikuwa mgongoni mwangu, mikono yake kwenye shingo yangu. Hakusema kitu. Niliamini kwamba hakusikia.

Miaka zaidi ya ishirini ilipita. Yeye leo ni fundi wa telefone sokoni, ana mke na watoto. Siku ya matanga ya baba, tulipokuwa tunakaa peke yetu usiku, aliniambia: «Nilisikiaka ile siku, yaya. Lakini kesho yake ulinibebaka tena.»

Sikuandika hili ili nionekane mbaya au mzuri. Nimeandika kwa sababu watoto wengi wana jambo kama hilo moyoni na hawana mtu wa kuliambia. Haya ya kutazamwa, hasira kwamba mama anamtazama yule tu, hofu kwamba na wewe utapata, na halafu haya juu ya ile haya. Na pamoja na hayo, upendo ambao hauna maneno, maana mlikua kama mwili mmoja. Mwalimu asiyejua haya yote atamwona mtoto mvivu au mkali, basi.

4. Baba alipoondoka

Watu wa hapa walizoea kusema kwamba Gécamines ni baba na ni mama. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa Lubumbashi aliwaita watoto wa nyumba hii Bana Shaba, na kitabu chake cha mwaka 2001 kinasema katika jina lake kwamba wameachwa na baba yao. Tunajua namna ilivyokwenda. Mwaka 1986 kampani ilitoa tani zaidi ya 400,000 za shaba. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto ulianguka. Katikati ya miaka ya 1990 kampani haikufikisha hata tani 50,000. Mishahara ilichelewa miezi na miezi, lopitali zikabaki na kuta bila dawa. Mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliondolewa katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, kwa feza iliyolipwa mara moja.

Katikati ya mambo hayo kulikuwa pia na kukimbia. Mei 1978, vita ilipoingia Kolwezi. Mwaka 1993, Wakasai walipofukuzwa na kulala majuma mengi karibu na gare wakingoja treni. Kila kukimbia kunauliza swali moja: nani atambeba yule asiyetembea? Baba ameshika magodoro, mama ana mtoto wa kunyonya. Anayebaki ni yaya. Wengi wa waliofukuzwa walifika Mbuji-Mayi, na mwaka 1995 mji ule ulipata epidemi kubwa ya polio. Agosti 1999, vita ikiwa bado katika nchi, risasi zilinyamazishwa siku chache ili watoto wapate matone ya chanjo. Polio ya asili ilionekana mara ya mwisho nchini mwaka 2011, na mwaka 2020 Afrika nzima ilitangazwa huru na polio hiyo. Lakini aina nyingine, inayotokana na virusi vya chanjo mahali watoto wengi hawajachanjwa, ilitokea mwaka 2017 kwa jirani zetu wa Haut-Lomami. Basi habari ya mudogo wangu haijawa ya zamani kabisa.

Baba mkubwa, yaani kampani, alipoondoka, daktari wa bure alikwenda naye, na poso pia. Lakini ile migongo mingi ya kijiji haikurudi. Walibaki wandugu. Katika nyumba nyingi mtoto mzima aliacha masomo ili mama aende sokoni na mlemavu asibaki peke yake. Katika nyumba nyingine, na hili tuliseme bila kujificha, watu walitafuta mchawi. Umaskini ulipoingia, wahubiri wa aina fulani walinyosha kidole kwa mtoto mwenye kifafa au mwenye mwili tofauti, na mara nyingine kwa ndugu yake mzima, kwamba amemla miguu mwenzake. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya kulinda mtoto inakataza kumsingizia mtoto uchawi na inatoa azabu. Sheria iko, wanaoijua ni wachache.

5. Udongo unaotulisha

Tangu miaka ya 2000 mji wetu umekuwa mji wa kobalti. Mwaka 2014 watu wa kartie ya Kasulo walianza kuchimba chini ya nyumba zao wenyewe. Mwaka 2018 watafiti wa Lubumbashi na Leuven, pamoja na Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu, walionyesha kwamba wakaaji wa Kasulo, na zaidi watoto, walikuwa na kobalti nyingi katika damu na mkojo kupita watu wa kartie isiyo na mashimo.

Mwaka 2020 kundi hilo lilitoa kazi nyingine iliyofanywa Lubumbashi. Walilinganisha watoto wachanga 138 waliozaliwa na kasoro inayoonekana na watoto 108 wasio na kasoro. Pale baba alipokuwa na kazi ya migodi, hatari ya kasoro ilikuwa zaidi ya mara 5. Wenyewe wanasema kazi ya kutafuta sababu haijaisha. Lakini inatosha kubadilisha lile swali la kale. Mababu waliuliza: nani alikosana na nani? Leo tunaweza kuuliza pia: baba alirudi nyumbani na vumbi gani katika nguo zake? Swali hili linamwondolea mama lawama, na linamwondolea yule dada maneno ya siku ya mahari.

UNICEF ilikadiria mwaka 2014 kwamba watoto karibu 40,000 walifanya kazi katika migodi ya kusini mwa Kongo. Hesabu ile haisemi ni wangapi waliofua na kubeba mawe kwa sababu nyumbani kuna ndugu anayehitaji dawa ya kifafa au magongo. Mimi kama mwalimu nimewajua wa namna ile, na ninaamini si wachache.

6. Tufanye nini?

Maandishi mazuri tunayo. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 49, inampa mlemavu haki ya kulindwa kwa namna ya pekee. Nchi yetu ilikubali mkataba wa umoja wa mataifa juu ya haki za walemavu mwaka 2015, na sheria ya tarehe 3 Mei 2022 ilieleza haki hizo kwa urefu. Masomo ya msingi katika shule za serikali yalifanywa bure kuanzia Septemba 2019. Lakini mlango wenye ngazi tatu haujui kusoma sheria. Mtoto wa magongo bado anamngoja ndugu wa kumpandisha.

Miaka michache iliyopita nilikuwa na mwanafunzi, msichana wa mwaka wa pili, aliyechelewa kila siku. Nilimwazibu mara tatu, apige magoti mbele ya wengine. Mara ya nne mwenzake alisema: «Mwalimu, anapelekaka kwanza mudogo wake, hasikie, hasemake.» Alitembea mbali kila asubuhi na yule mtoto kiziwi, kisha akakimbia kuja kwangu. Mimi, niliyebeba mtu miaka minne, sikuuliza. Basi ushauri wangu wa kwanza ninauanza kwangu na kwa walimu wenzangu: kabla ya azabu, uliza nyumbani kuna nani.

Wa pili ni kwa wazazi. Mwambieni mtoto mzima ukweli juu ya ugonjwa wa ndugu yake, jina lake na sababu yake kama inajulikana. Mtoto asiyeambiwa anajitungia mwenyewe, na anachojitungia ni kibaya kuliko ukweli. Mumwachie pia saa yake ya kucheza bila mzigo, na mzigo wenyewe ugawanywe kwa wavulana na wasichana sawasawa.

Wa tatu ni kwetu sisi wa chama cha mila. Tukitaka kurudisha kitu cha kijiji, turudishe zamu. Jirani, watu wa ukoo, wa kanisa, wa kartie, kila mmoja abebe siku yake. Ile ya kumtafuta mchawi tuizike.

Lugha yetu yenyewe inatufundisha. Kilema, kipofu, kiziwi, maneno haya tumeyaweka pamoja na kiti na kisu, kama vitu. Lakini tukifika kwenye tendo tunasema: kipofu amekuja, kiziwi amecheka. Tendo linamrudishia utu wake. Na Waswahili wa pwani wanasema: kabla hujafa hujaumbika. Maana yake mwili wako bado haujamaliza safari. Usicheke wa mwenzako.

Kuhusu yule yaya, mababu hawakumpa jina. Mimi sina uwezo wa kumtungia. Lakini kila mwaka, siku ya kwanza ya masomo, ninauliza darasani nani ana ndugu wa kumsaidia nyumbani. Mwanzoni hakuna anayenyosha mkono. Ninawaambia kwamba mimi ninaye, na ninasimulia habari ya uwanja wa mpira. Halafu mikono inaanza kupanda, mmoja, wawili, na ninaandika majina yao.